Kabla Hujaifungua Injini ya Feni

Theluji ikishashika kaskazini mwa Marekani na kule Kanada, swali linalonifikia ni lile lile: mashine yangu ni ya feni, bado nzima, nifanyeje iwe na nguvu zaidi? Na wanaouliza kwa Kiswahili wanaongezeka. Wapo Wakenya wa Minnesota, wapo Wakongomani na Warundi waliohamia Lewiston na Portland katika jimbo la Maine, wapo vijana wa Winnipeg walioanza ufundi chini ya mwembe wakifungua kabureta za pikipiki. Wamenunua pikipiki ya theluji kuukuu kwa bei poa, wameipenda, na sasa wanaiona nzito kila wanapopitwa ziwani. Nawaandikia hao.

Nguvu ipo, ila haiko pale ambapo wengi huanza kuitafuta. Wengi huanza na eksozi yenye kelele, kisha wanang'oa boksi la hewa, kisha wanachonga hedi. Kwenye injini inayopozwa kwa feni kila farasi unayemwongeza anakuja na joto lake, na feni ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja: rudisha kwanza nguvu iliyopotea, ifikishe chini kwenye theluji bila kuvuja njiani, na ukishamaliza hayo ndipo uongeze kitu, kwa kiasi ambacho feni inaweza kukibeba.

Injini zenyewe ni za mipigo miwili, mara nyingi silinda mbili zilizosimama sambamba. Mfano mzuri ni Rotax 503, iliyotengenezwa Austria na kufungwa kwenye Ski-Doo nyingi sana: bori ya milimita 72, mpigo wa milimita 61, jumla cc 497. Ndugu zake wadogo, 447 na 377, wana mpigo huo huo ila bori ni nyembamba. Yamaha walileta Phazer mwaka 1984 ikiwa na cc 485 za feni. Polaris wa Roseau na Arctic Cat wa Thief River Falls, miji miwili midogo ya kaskazini mwa Minnesota, nao waliuza mashine za feni miaka mingi, Arctic Cat wakitumia injini za Suzuki. Injini ya cc 500 ya namna hii hutoa kama farasi 50.

Wapo wanaozidharau wakidhani injini ya maji ni bora kwa kila hali. Sivyo. Maji ya mashine zile hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda wa chini, ule mkanda mpana wa mpira unaoisukuma mashine. Ukipita juu ya barafu tupu, au ukienda taratibu ukivuta sleji ya mvuvi, theluji hairuki na maji yanapanda moto. Mashine ya feni haijali hayo. Ni nyepesi, haina pampu ya maji, haina bomba la kupasuka, na fundi mwenye spana za kawaida anaifungua na kuifunga kwa siku moja. Ukiiongezea nguvu kwa namna inayoua sifa hizo, umejinunulia hasara.

Sasa tuitazame feni yenyewe. Inazungushwa na belti kutoka kwenye krenki, upande wa magneto, na hewa yake inasukumwa ndani ya mabati yanayozifunika silinda ili ilazimike kupita katikati ya mapezi. Kadiri injini inavyozunguka ndivyo feni nayo inavyozunguka. Hapo wengi hujifariji: nikiongeza mizunguko, si hewa nayo itaongezeka? Itaongezeka, lakini tazama bei yake. Kiasi cha hewa hupanda sawasawa na kasi ya feni, ila nguvu inayohitajika kuizungusha hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi hiyo. Ukiitoa injini kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika na kuipeleka 8,000, umepata hewa asilimia 14 zaidi, lakini feni sasa inakula karibu mara moja na nusu ya nguvu iliyokuwa ikila. Belti yake na beringi zake nazo hazikuchaguliwa kwa kazi hiyo. Belti ya feni ikikatika ukiwa fulu resi katikati ya ziwa, una muda mfupi sana kabla injini haijanoki.

Ndiyo maana siwashauri watu wa feni kufukuza mizunguko. Tafuta nguvu kwenye mizunguko ile ile ya kiwandani, au juu yake kidogo tu.

Anza na usafi. Fungua mabati yote ya feni, yote kabisa, usichungulie tu kwa tochi. Mashine iliyolala bandani kiangazi kizima ni nyumba nzuri ya panya. Huwa wanajaza majani, sufi na vipande vya sponji katikati ya mapezi, na huwezi kuviona mpaka mabati yatoke. Silinda moja iliyozibwa robo inatosha kukupa joto lisilo na maelezo. Osha mapezi, yakaushe, rudisha mabati na boliti zake zote pamoja na sponji za kuziba mwanya kati ya mabati na boneti. Sponji hizo zinazuia hewa ya moto iliyokwisha kutumika isirudi tena kwenye mdomo wa feni. Mtu akikwambia uache bati moja wazi ili injini ipumue, usimsikilize: hewa itatokea hapo hapo kwenye uwazi na kuiacha silinda ya mbali bila kitu.

Silinda ya mbali ndiyo ya upande wa klachi. Hewa huifikia ikiwa imechoka, na kwenye injini nyingi hizi ndiyo inayoungua kwanza. Viwanda vinajua hilo, na baadhi ya mashine zilitoka na jeti kuu kubwa kidogo upande mmoja. Ukinunua mashine ukakuta jeti mbili hazilingani, usizilinganishe kabla hujaangalia kitabu chake.

Baada ya feni, hewa ya wizi. Kwenye injini ya mipigo miwili mchanganyiko wa petroli unapita ndani ya kreseni, yaani kasha la krenki, kwa hiyo sili ya krenki iliyokauka inavuta hewa ambayo kabureta haijaipima, na injini inakauka petroli bila wewe kugusa kitu. Mipira inayoshika kabureta nayo hupasuka kwa uzee. Ikunje kwa mkono, utaona nyufa zilizojificha kwenye mikunjo. Kipimo cha uhakika ni cha presha: ziba matundu ya eksozi na ya kabureta, pampu hewa mpaka psi 6 hivi, uangalie geji. Inatakiwa ikae dakika kadhaa bila kushuka. Ikishuka, paka maji ya sabuni uone povu linatokea wapi. Injini inayovuja haistahili marekebisho yoyote ya nguvu kabla sili hazijabadilishwa. Pima pia kompresheni. Silinda mbili zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, kuna ringi au bori inayokuita.

Mashine nyingi zinazoletwa zikilalamikiwa kuwa hazina nguvu huishia hapa. Zinatoka zikiwa na nguvu za zamani, na mwenyewe anaamini zimeongezwa kitu.

Klachi ndiyo sehemu ambayo ningependa kila msomaji aisome mara mbili, kwa sababu pesa kidogo inafanya kazi kubwa na feni haiongezewi mzigo wowote. Pikipiki ya theluji haina giya za kubadilisha. Ina puli mbili na belti pana katikati. Puli ya mbele, iliyo kwenye krenki, ina vyuma vya uzito vinavyorushwa nje kadiri injini inavyozunguka, na springi inayovizuia. Puli ya nyuma ina springi yake na kipande chenye mteremko kinachoifanya ifunge zaidi mzigo unapoongezeka. Vitu hivi vinne, yaani uzito, springi mbili na mteremko, ndivyo vinavyoamua injini izunguke mizunguko mingapi ukiwa fulu resi.

Injini yako ina mizunguko fulani ambapo nguvu yake iko kileleni. Tuseme ni 6,800. Klachi nzuri huipandisha injini hapo mara tu unapominya resi, na kuishikilia pale pale wakati mashine inaendelea kuongeza kasi. Klachi mbovu huiacha ipande mpaka 6,200 tu, au huirusha mpaka 7,500 ambako nguvu imeshaporomoka na joto limepanda. Katika hali zote mbili farasi wako wapo ila hawafiki kwenye theluji. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni kipimo cha mizunguko unachoweza kukiamini, maana vile vya zamani vilivyo kwenye dashibodi hudanganya sana. Nenda mahali peupe, minya resi yote, tazama mshale unakaa wapi. Ukikaa chini ya kilele, vyuma vya uzito ni vizito mno. Ukipita, ni vyepesi mno. Gramu moja au mbili kwa kila chuma zinatosha kuihamisha mizunguko kwa kiasi unachokiona kwenye kipimo, kwa hiyo badilisha kidogo kidogo.

Kisha angalia belti. Imepungua upana? Kama imelika milimita 3 kutoka upana wake wa upya, itupe, kwa sababu inazama ndani zaidi kwenye puli na uwiano wote unavurugika. Angalia bushi za puli ya mbele, angalia kama nyuso za puli zina mikwaruzo au mafuta. Zisafishe kwa kitambaa na kisafishio kisichoacha utelezi. Baada ya kukimbia kama kilomita mbili kwa nguvu, zima injini, fungua kifuniko, sogeza mkono karibu na kila puli. Ile inayounguza ndiyo inayoteleza, na kuteleza ni nguvu ya injini inayogeuka joto na vumbi la mpira. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho.

Chini ya klachi kuna hasara nyingine ambazo nazitaja kwa haraka: mkanda wa chini uliokazwa kupita kiasi, beringi za magurudumu zilizokauka, reli za plastiki zilizolika mpaka zikafikia chuma, mnyororo wa ndani ya boksi lake uliolegea. Inua nyuma ya mashine, zungusha mkanda kwa mkono. Ukisimama mara unapouachia, tafuta sababu.

Kabureta inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi za feni zinapokufa. Hewa ya baridi ni nzito. Kwa presha ile ile, hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ina uzito wa asilimia 12 hivi zaidi ya hewa ya nyuzi sifuri. Injini inameza ujazo ule ule wa hewa, lakini sasa ndani yake kuna oksijeni nyingi zaidi, na jeti haijui habari hiyo. Mashine iliyokuwa sawa mwezi wa tatu jua likiwaka itakuwa imekauka petroli asubuhi ya mwezi wa kwanza. Mashine nyingi zina jedwali la jeti lililobandikwa ndani ya boneti au kwenye kifuniko cha belti, likionyesha namba ya jeti kuu kwa joto la hewa na mwinuko. Lifuate kama lilivyo kwa injini ambayo haijaguswa. Kwa injini iliyoguswa, linakuonyesha ni hatua ngapi za kupanda au kushuka baridi inapobadilika, lakini pa kuanzia utapatafuta mwenyewe.

Na hapa nirudi kwenye boksi la hewa. Karakana yangu ina pistoni niliyoihifadhi ili niwaonyeshe wateja. Ilitoka upande wa klachi wa injini ya cc 440. Upande wake wa eksozi umekwanguliwa kutoka juu mpaka chini, ringi ya juu imezikwa na alumini iliyoyeyuka na kuganda, na ukingo wa kichwa umeliwa vishimo vidogo vidogo. Plagi yake ina chembe za alumini zinazong'aa kwenye kauri. Mwenye mashine alikuwa ameng'oa boksi la hewa akafunga vichujio viwili vya sponji, bila kubadilisha jeti. Alisema mashine haijawahi kukimbia vile, na alikuwa mkweli. Petroli inapopungua kidogo chini ya kipimo, injini huchangamka, inajibu haraka, inalia vizuri. Uchangamfu huo unatokea hatua chache tu kabla ya pistoni kuyeyuka, na petroli ile ya ziada uliyoiondoa ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuipoza pistoni kwa ndani. Injini ya maji huweza kukusamehe kwa muda. Ya feni haina akiba hiyo.

Kwa hiyo kama umebadilisha chochote kwenye njia ya hewa au eksozi, anza na jeti kuu kubwa kuliko unayodhani inahitajika, ushuke hatua moja moja. Injini itakuwa nzito na itanguruma kwa kukwama juu kabisa, vumilia. Kwa kila hatua, ipashe moto kwanza, kisha kimbia fulu resi mwendo wa mita mia kadhaa mahali ambapo hakuna mtu nyuma yako, uizime kwa swichi ukiwa bado umeminya resi, usiiache hata kidogo ikazunguka bila resi. Toa plagi uzitazame. Kahawia iliyokolea ni salama, nyeupe ni hatari. Plagi lakini inasema nusu tu, hasa kwa petroli ya siku hizi. Ushahidi ulio bora uko juu ya kichwa cha pistoni. Fungua hedi uangalie pembeni, mkabala na milango ya kuingizia mchanganyiko. Petroli mbichi inayoingia huosha masizi mahali hapo na kuacha sehemu safi ya chuma. Sehemu hizo zikiwa za upana wa ncha ya kidole kidogo, jeti iko vizuri. Zikitoweka kabisa na masizi yakafika ukingoni, rudi kwenye jeti kubwa siku hiyo hiyo. Zitazame silinda zote mbili, na uifuate ile ya upande wa klachi.

Mambo hayo yakishatulia, ndipo tuzungumze kuongeza. Jambo ninalolipenda zaidi ni nafasi kati ya ukingo wa pistoni na hedi. Injini nyingi za feni zilitoka kiwandani zikiwa na nafasi kubwa, kwa ajili ya usalama na kwa sababu utengenezaji wa wingi haulingani. Ipime kwa waya laini wa kulehemu: uingize kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, sambamba na pini ya pistoni ili pistoni isiinamie upande, zungusha krenki mpaka pistoni ipite juu, toa waya upime ncha iliyobanwa kwa kalipa. Rudia upande wa pili. Ukikuta milimita 2 au zaidi, kuna faida ya kuishusha hadi 1.4 hivi kwa kuchonga hedi kwenye leidhi. Mchanganyiko unasukumwa kwa nguvu kuelekea katikati, unaungua haraka na kwa ukamilifu, na injini inavuta vizuri kuanzia chini. Kwa injini ya feni sitaki ushuke chini ya 1.2. Kumbuka pia kwamba kwenye bori ya milimita 72, kila nusu milimita unayoiondoa inapunguza chumba cha kuwakia kwa karibu cc 2. Ni chumba kidogo, kwa hiyo kompresheni inapanda haraka. Mwambie fundi wa leidhi achonge pia kuba la katikati kidogo, ili upate nafasi nyembamba ukingoni bila kompresheni ya kuunguza.

Petroli iende sambamba na hedi hiyo. Namba unayoiona kwenye pampu ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo haifanani na namba za pampu za nyumbani. Hedi iliyochongwa inataka 91 au zaidi. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inaifanya injini ikauke kidogo na inaharibu mipira ya zamani. Minnesota kuna vituo vinavyouza petroli ya daraja la juu isiyo na ethanoli, iliyoruhusiwa kwa mashine kama hizi. Lipa hiyo tofauti ya bei. Na tahadhari nyingine: ukiongeza oili kwenye petroli ukidhani unailinda injini, umepunguza petroli inayopita kwenye jeti, kwa hiyo panda jeti pia.

Eksozi sasa. Kwenye mipigo miwili eksozi ni sehemu ya injini kabisa. Tumbo lake linapopanuka linarudisha mvuto unaosafisha silinda, na linapofinyana linarudisha wimbi la presha linaloukandamiza mchanganyiko mbichi uliotaka kutoroka, ukarudi ndani kabla mlango haujafungwa. Urefu wa tumbo ndio unaochagua mizunguko ambayo wimbi litafika kwa wakati. Eksozi za mbio, moja kwa kila silinda, nyingi zimepangwa kwa mizunguko ya juu, na tumeshaona mizunguko ya juu inaifanyia nini feni. Tafuta eksozi ya tumbo moja iliyotengenezwa kwa injini yako hasa, inayoweka kilele karibu na pale kilipokuwa, ikiwa na sailensa yake. Ukiifunga, jeti zianze upya na klachi ianze upya. Mtu anayenunua eksozi bila kutenga pesa ya jeti na vyuma vya klachi huwa anaishia na mashine yenye kelele zaidi na polepole zaidi.

Milango ya silinda waachie wanaojua. Kusafisha mabaki ya kalibu na kulinganisha milango ya kreseni na ile ya silinda ni kazi salama inayolipa kidogo. Kupandisha mlango wa eksozi kunahamisha nguvu kwenda juu na kuiua chini, na kuupanua kupita asilimia 70 ya bori kunaifanya ringi ichomoze na kunasa. Kwenye bori ya 72 mpaka huo ni kama milimita 50. Taimingi ya plagi sitaki uiguse. Ihakikishe kwa taa iwe pale kiwanda kilipoiweka, basi.

Kama utafanya lolote kati ya haya, funga vipimo viwili vya joto: kimoja chini ya plagi ya upande wa klachi, kingine kwenye eksozi. Rotax kwa 503 zao za ndege ndogo waliweka ukomo wa nyuzi 250 kwenye hedi na 650 kwenye eksozi. Namba za eksozi hubadilika kulingana na mahali ulipotoboa, kwa hiyo chukua vipimo vya mashine yako kabla hujaigusa, ndipo ulinganishe. Eksozi inajibu upesi, hedi inachelewa. Na ukiona joto la hedi linapanda huku la eksozi likishuka, achia resi mara moja: mchanganyiko unalipuka badala ya kuungua, na hizo ndizo dalili zake.

Mambo mawili nje ya injini. Njia nyingi za kule Maine na kwingineko zinapita kwenye ardhi za watu binafsi walioruhusu kwa hiari, na kelele ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya wazifunge. Sisi wageni tuna sababu ya ziada ya kutokuwa chanzo cha geti kufungwa. Minnesota nayo ina ukomo wa maili 50 kwa saa kwenye ardhi na maji ya umma, kama kilomita 80, na mashine ya feni iliyo nzima inafika hapo bila kuguswa. Nguvu uitafute kwa ajili ya kuvuta, kupanda na kutoka kwenye theluji nzito. Hapo utaitumia kila siku.

Na ikiwa shabaha yako ni farasi 100, usichonge chochote. Uza hii ikiwa bado nzima, tafuta ya maji iliyotumika. Injini ya feni ya cc 500 iliyopangwa kwa uangalifu itakupa farasi wachache wa ziada, na klachi iliyolingana nayo itakufanya uwahisi kama wengi. Ukiilazimisha zaidi ya hapo utakuwa unanunua pistoni kila msimu.

Ukishafunga kila kitu, washa injini nje ya banda, kamwe si ndani mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua isiyo na harufu ya kukuonya mapema. Iache ipate moto mpaka uuhisi kwenye hedi kabla hujaibebesha mzigo, hasa kama umefunga pistoni za kufuliwa ambazo zinatanuka zaidi. Tangi la kwanza usipite nusu resi kwa muda mrefu. Kisha iache ipoe kabisa, kaza tena nati za hedi kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu, angalia belti ya feni ina mchezo wa milimita chache tu ukiibonyeza kwa kidole gumba, na uweke belti ya akiba pamoja na spana yake chini ya kiti.